Kabla ya wifi ilikuwa foni: jinsi watu wa Fizi walivyotafutana hewani

Baraka. Kila jioni, jua likiingia nyuma ya milima, utawaona vijana na mama wachache wameegemea ukuta wa ofisi moja ya shirika la kiutu hapa mjini. Vichwa vimeinama, nyuso zinang'aa kwa mwanga wa telefone. Hawamngojei mtu kutoka ndani. Wanangojea wifi. Wafanyakazi wakisharudi nyumbani mtandao unakuwa mwepesi, na kode yake ilishatoka zamani, imepita mdomo kwa mdomo mpaka imefika sokoni.

Mmoja wa mama wale alitoka upande wa Uvira na watoto watatu. Mume wake walipotezana njiani. Alisikia tu kwamba alivuka kwenda Burundi. Jioni moja telefone yake ilimwonyesha wifi mbili zenye majina yanayokaribiana sana, moja ikiwa na kode, nyingine wazi. Akaingia ile ya wazi. Ukafunguka ukurasa wenye rangi za kampuni anayoijua, ukamwomba namba yake ya telefone na namba ya siri ya pesa, eti kumhakikisha. Akaandika. Dola 15 ambazo kaka yake alikuwa amemtumia kwa chakula ziliondoka kabla hajafika kwenye nyumba iliyompokea.

Nilipokuwa nikimsikiliza, mzee jirani yetu alikuwa amekaa pembeni. Wakati wa Zaire alikuwa mwendeshaji wa foni. Aliniambia kwamba enzi zao mtu asingeweza kuibiwa hivyo, si kwa sababu watu walikuwa wema, ila kwa sababu kila mmoja alijua kuwa hewani hakuna siri. Neno lake limenikaa kichwani, na ndiyo sababu leo, wandugu wasomaji na ninyi mnaotusikiliza, ninataka turudi nyuma kidogo kabla ya kuzungumza juu ya wifi ya bure.

Vijana waliozaliwa na telefone mkononi hawajui foni ilikuwa nini. Ilikuwa redio ya mawimbi mafupi, sanduku zito juu ya meza, waya mrefu umetandazwa kati ya miti miwili, na betri ya gari chini. Parokia zilikuwa nayo, misheni za Kiprotestanti, hospitali, na baadaye wafanyabiashara waliofungua vibanda ambamo mtu analipa ili azungumze. Posta ilikuwa imekufa. Telefone za waya zilikuwa mambo ya miji mikubwa. Ni kweli kwamba kampuni ya Telecel, iliyoanzishwa na Miko Rwayitare mwaka 1986, iliifanya Kinshasa kuwa miongoni mwa miji ya kwanza ya Afrika kuwa na telefone ya mkononi, lakini vyombo vile vilikuwa vya wakubwa wa serikali na matajiri. Mtu wa Fizi, wa Mboko au wa Kazimia aliyetaka kujua kama mtoto wake amefika Bukavu salama alikwenda kwenye foni.

Ulipewa saa. Ukakaa kwenye benchi na wengine kumi. Zamu yako ikifika unabonyeza, unasema, unaachia, unatega sikio. Wawili wakibonyeza pamoja, hakuna anayesikika. Mnanyamaza kidogo, mmoja anaanza tena. Na wakati unasema, benchi zima linasikia, na kila mwenye foni kwenye masafa yale, kutoka hapa mpaka Kalemie na mbali zaidi, anasikia pia. Kwa hiyo watu walijifunza kusema. Kwetu nyumbani "ndizi zimeiva" maana yake pesa imefika. Mgonjwa akiwa amefariki, ndugu waliambiwa tu "mje mapema". Na sauti ilipokuwa mbaya, imejaa upepo, aliyepokea habari nzito alitoa swali la nyumbani ambalo mgeni hawezi kulijibu, ndipo akaamini.

Acha niingize hapa jambo ambalo lilinishangaza nilipolisoma. Mwaka 1971, huko Hawaii, mwalimu wa chuo kikuu aitwaye Norman Abramson na wenzake waliunganisha kompyuta za visiwa mbalimbali kwa redio, kwa sababu nyaya zilikuwa shida. Mashine zilitumia masafa yale yale. Mbili zikisema pamoja, ujumbe unaharibika. Kila moja inangoja muda wa kubahatisha, kisha inarudia. Mtandao ule uliitwa ALOHAnet, na wifi tunayoifukuzia leo ni mjukuu wake. Yaani wifi, ukiivua nguo, ni foni. Ni redio. Inasema hewani, na kila aliye karibu mwenye chombo anaweza kutega sikio.

Kisha ikaja 1996. Sina haja ya kuwasimulia ninyi mwaka ule. Oktoba vita vilishuka bonde la Ruzizi na kufuata ziwa, na watu wetu wakapanda mitumbwi na boti kuelekea Kigoma. Novemba 1996 kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa katika wilaya ya Kasulu, na mwaka uliofuata Lugufu. Agosti 1998 vita vya pili vilianza kabla vya kwanza havijapoa. Familia iligawanyika vipande vitatu: wengine Tanzania, wengine milimani, wengine hawajulikani. Na foni zikawa hatari. Wenye silaha wa kila upande waliziogopa, na mwenye foni aliweza kuitwa mpelelezi. Nyingi zilinyamaza.

Hapo ndipo karatasi iliposhika kazi ya redio. Barua za Croix-Rouge, wazee wanazikumbuka vizuri. Karatasi moja, nafasi ndogo ya kuandika, jina la anayetuma, jina la anayetafutwa, baba yake, mama yake, kijiji, kambi. Haikuwekwa ndani ya bahasha. Ilikwenda wazi, kwa makusudi, ili yeyote kwenye kizuizi aweze kuisoma na kuona kwamba ndani yake hamna vita wala siasa: habari za familia tu. Kanuni hiyo si ya kwetu peke yetu. Katika Vita Vikuu vya Pili vya Dunia ujumbe wa namna hiyo ulikuwa na maneno 25 tu kwa raia aliyetaka kuandika ng'ambo ya mstari wa vita. Aliyefungwa mikono hivyo alichagua maneno. "Tuko wazima. Bibi alifariki. Mtoto anasoma." Barua ilichukua majuma, pengine miezi, na jibu liliandikwa nyuma ya karatasi ile ile. Ninajua nyumba hapa Baraka ambako karatasi hizo bado zimehifadhiwa pamoja na vyeti vya ubatizo.

Redio nazo zilisaidia. BBC ilianzisha mwaka 1994 kipindi cha Gahuzamiryango, kwa Kinyarwanda na Kirundi, ambacho jina lake maana yake ni kile kinachounganisha familia, na majina ya waliopotea yalisomwa humo. Radio Okapi ilianza Februari 2002. Redio zetu ndogo za jamii zilifuata njia hiyo hiyo, na mpaka leo tangazo la mtoto aliyepotea linasomwa kati ya wimbo na wimbo.

Oktoba 2005 HCR ilianza kuwarejesha watu kwa meli kutoka Kigoma mpaka hapa Baraka. Lugufu ikafungwa mwaka 2009. Waliorudi walikuta jambo jipya: telefone. Celtel ilianza kazi Kongo mwaka 2000, Vodacom mwaka 2002, na minara ikaja ikisogea polepole kuelekea kwetu. Mwanzoni ulipanda kilima. Kila kijiji kilikuwa na jiwe lake au mwembe wake ambapo mistari miwili ya mtandao inaonekana, na pale ukawakuta watu wamesimama kama walivyosimama zamani kwenye foni. Unite zilikuwa ghali, kwa hiyo mtu alibipu na kukata: bipu moja nimefika, bipu mbili nipigie.

Lakini telefone ina mwenyewe, na mwenyewe anaweza kufunga. Baada ya uchaguzi wa Novemba 2011, serikali ilikata meseji nchi nzima kwa majuma zaidi ya matatu ya Desemba. Januari 2015, wakati wa maandamano juu ya sheria ya uchaguzi, intaneti ilikatwa. Desemba 31, 2018, siku moja baada ya kura, ilikatwa tena na haikurudi mpaka karibu Januari 20. Kule Goma na Bukavu walionunua laini za Rwanda walipata mtandao wa ng'ambo ya mpaka. Wengine wote tulirudi kwenye kituo cha basi kuwauliza wasafiri. Tena ukaja ule ushuru wa RAM, ulioanza Septemba 2020: unaweka unite, zinakatwa kwa ajili ya telefone yako mwenyewe. Kelele zilikuwa nyingi mpaka ukaondolewa mapema 2022. Nayasema haya ili asije mtu kuwacheka wanaoegemea ukuta. Mega ni ghali, telefone inaweza kunyamazishwa, na mtu mwenye ndugu Nyarugusu, Bujumbura na Kalemie hawezi kununua mega kila siku.

Wifi yenyewe ilipata jina hilo mwaka 1999. Kwetu ilikuja kwa mlango wa nyuma, pamoja na antena za satelaiti za mashirika ya kiutu. Ilikuwa ya kazi, haikuwa ya jirani. Mahali pengine walianza kwa makusudi. Nakuru, nchini Kenya, mwaka 2014 ilizinduliwa wifi ya bure ya mji iliyopewa jina Bilawaya. Miaka hiyo hiyo, katika kambi za wakimbizi, wakfu wa Vodafone na HCR waliweka madarasa yenye tableti, umeme wa jua na intaneti, kwanza Dadaab, kisha Nyarugusu pia, kwa hiyo kuna watoto wa Fizi walioiona intaneti kambini kabla ya binamu zao waliobaki nyumbani.

Mfano ninaoupenda zaidi uko katika jimbo letu wenyewe. Kisiwa cha Idjwi, katikati ya ziwa Kivu, kilikaa miaka mingi bila kufikiriwa na kampuni yoyote. Karibu mwaka 2016 shirika la Ensemble Pour La Différence lilisaidia kujenga Pamoja Net, mtandao wa jamii unaovuka maji kwa mawimbi ya redio. Hesabu yake ilikuwa ya akili ya kijiji: ofisi na wafanyabiashara wanaohitaji mtandao mwingi walipe, na mwananchi apate bure mahali pa hadhara. Bure haikuanguka kutoka mbinguni. Kila mtu alijua nani analipa na kwa nini.

Hilo ndilo swali ambalo mimi ningeanza nalo kabla ya kufungua wifi yoyote hapa Baraka, Fizi kati au Mboko: nani analipa? Kama ni parokia, shule kubwa, hospitali au nyumba ya wageni, kuna mtu wa kumwuliza. Ingia, salimia, uliza jina la mtandao linaandikwaje, herufi kwa herufi. Wengi hawatakukatalia nusu saa ya mchana wakijua unatafuta familia. Siku hizi kuna pia watu binafsi wenye antena za Starlink, ambayo mamlaka ya mawasiliano ilikuwa imeikataza mwaka 2024 kisha ikaipa ruhusa Mei 2025, nao huuza wifi kwa saa. Hiyo si bure, lakini ina mwenyewe anayejulikana. Wifi isiyo na kode, isiyo na mwenyewe, inayotokea jioni na kupotea usiku, hiyo hata jirani yake hawezi kukuambia ni ya nani. Mtu yeyote mwenye telefone anaweza kutengeneza wifi na kuipa jina la shirika lolote. Dakika mbili zinatosha.

Kuhusu kusikilizwa, mambo yamebadilika, na ni haki kusema ukweli. Zamani wifi ya wazi ilikuwa foni kabisa. Oktoba 2010 kijana wa Marekani, Eric Butler, alitoa programu ndogo iitwayo Firesheep, na ghafla mtu asiye na ujuzi wowote aliyeketi kwenye mkahawa aliweza kuingia katika Facebook ya jirani yake. Makampuni yalishtuka, yakaanza kuyafunga mawasiliano kwa ufunguo. Hiyo ndiyo maana ya herufi https kwenye anwani ya ukurasa. Na tangu Aprili 2016 WhatsApp inafunga meseji na sauti kutoka telefone moja mpaka nyingine, hata mwenye wifi hawezi kusoma unachomwandikia dada yako.

Basi mwizi amehama. Haviziii tena hewani, amesimama mlangoni. Hahitaji kusikiliza ikiwa wewe mwenyewe utamwandikia. Ukurasa unaofunguka baada ya kuingia wifi unaweza kukuomba jina au kukubali masharti. Hiyo ni kawaida. Ukikuomba namba ya siri ya M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, funga, toka, nenda zako. Hakuna wifi duniani inayohitaji namba hiyo. Hata ile alama ya kufuli kwenye anwani haitoshi, maana ukurasa wa uongo nao unaweza kuwa na kufuli. Kufuli inasema tu kwamba barua imefungwa, haisemi anayeipokea ni nani. Pesa itume kwa njia ya zamani, kwa kubonyeza namba za nyota kwenye telefone. Hiyo inapita kwenye laini yako, haipiti kwenye wifi kabisa.

Kuna mtego wa pili ambao umewaingia wengi kambini na mjini. Unapata namba sita kwa meseji, kisha mtu anakuandikia kwa jina la shangazi yako: nitumie zile namba, zimekuja kwako kwa makosa. Ukizituma, WhatsApp yako imehamia kwake, na kesho yeye ndiye anayeomba pesa kwa ndugu zako wote akitumia jina lako na picha ya mtoto wako. Tangu 2017 WhatsApp inakuruhusu kuongeza namba ya siri ya pili. Iweke leo. Kijana wa jirani atakusaidia, ila usimwambie hiyo namba.

Ukimaliza, zima wifi, na uiambie telefone isahau mtandao ule. Usipofanya hivyo, kesho telefone yako inaweza kujiunga yenyewe na wifi nyingine itakayojiita kwa jina hilo, hata ikiwa imewashwa na mwizi nyuma ya soko.

Na mwili nao una usalama wake. Mwanga wa telefone usiku unaonekana mbali. Tumekuwa na kesi za kunyang'anywa, na mama asiende ukutani peke yake baada ya giza. Wale wanaosafiri kwenye barabara ya taifa namba 5 wanajua kwamba kwenye vizuizi telefone inaweza kufunguliwa na kusomwa, na hapo hakuna ufunguo wa WhatsApp utakaokusaidia, kwa sababu msomaji ameishika kwa mkono. Barua ya Croix-Rouge inarudi hapa yote nzima: habari za familia tu. Picha ya askari, sauti iliyopitishwa na mtu usiyemjua kuhusu nani yuko kijiji gani, orodha ya majina ya waliofika usiku wa jana, usizibebe na usizitume. Ukiandika mahali mlipojificha kwenye kundi la watu mia mbili, umesema kwenye foni.

Nirudi kwa yule mama. Majuma mawili baada ya kuibiwa, namba mpya ya Burundi ilimwandikia. Ilikuwa na picha ya mume wake. Iliandika kwamba yuko mzima, amepata boti, anahitaji dola 30 za safari, na kwamba sauti ya telefone imeharibika, kwa hiyo asimpigie. Mama alilia, akaanza kutafuta pa kukopa. Ni mzee wa foni aliyemzuia. Alimwambia afanye walivyofanya wao upepo ulipokuwa mwingi: aulize swali la nyumbani. Akauliza jina la mbuzi waliyemwacha.

Namba ile haijajibu. Jana jioni, nilipopita, mama alikuwa tena pale ukutani, kabla ya giza, na mtoto wake mkubwa kando yake. Anaingoja namba ya zamani.